Shajara ya Maji: Embu na Nkubu, 2023

Jumamosi, 17 Juni 2023. Embu

Fundi wa vioo amekubali kulitoboa tangi langu la samaki. Siku ya kwanza alikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu kioo kilichokazwa kwa moto, kama kile cha milango ya maduka makubwa, hakitobolewi. Ukikigusa kwa drili kinasambaratika chote. Leo amekagua kingo za kioo cha nyuma, akakitazama dhidi ya mwanga wa jua, akasema hiki ni cha kawaida, milimita 10, kitatoboleka. Akaweka ubao upande wa pili, akazungushia alama ukuta mdogo wa udongo ili maji yatuame hapo, kisha akaanza polepole kwa kipekecho cha almasi. Mwanzoni aliinamisha drili kidogo ili ishike, ndipo akaisimamisha wima. Maji yakageuka meupe kwa unga wa kioo. Hakusukuma hata kidogo, aliiachia mashine uzito wake.

Matundu ni mawili, juu upande wa nyuma. Moja ni la bomba kuu la kuteremshia maji. La pili ni la akiba, litakalokaa karibu kavu mpaka siku lile kuu litakapozibwa na jani au konokono. Fundi aliuliza kama kweli nahitaji mawili. Nahitaji. Bomba la kushuka likiziba huku pampu inaendelea kusukuma, maji yote ya tangi la chini yanaishia kwenye zulia la sebuleni.

Jumapili, 18 Juni

Mke wangu ameuliza kwa nini nisinunue tu kichujio cha kuning'iniza kama watu wengine. Nimemjibu kwa maneno, lakini nataka niandike pia, kwa sababu jibu lenyewe ni refu.

Sampu ninayoijenga ni tangi la pili, linalokaa kabatini chini ya lile la samaki. Maji yanashuka yenyewe, yanapita kwenye soksi inayonasa uchafu, yanaingia kwenye sponji, halafu chumba cha mawe wanamoishi bakteria, na mwisho chumba cha pampu inayoyarudisha juu. Hita inakaa huko chini, kipimajoto kiko huko, na kazi zote za mikono zinafanyika huko bila kuwatia samaki hofu. Tena maji yanaongezeka bila samaki kuongezeka, na maji mengi hayabadiliki ghafla. Joto linapanda pole, sumu inapanda pole, na mtu anapata nafasi ya kugundua na kurekebisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. William Alford Lloyd, aliyesimamia akwariamu ya Crystal Palace huko London iliyofunguliwa mwaka wa 1871, aliweka chini ya sakafu hifadhi ya maji yenye giza, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa, na maji yakawa yanazungushwa kutoka humo kwenda juu na kurudi. Alijua kwamba gizani mwani haukui. Kabati langu la mvule litafanya kazi hiyo hiyo.

Hesabu za leo. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 150, upana 50, kimo 50, yaani lita 375 likijaa. Sampu ni 90 kwa 40 kwa 40, lita 144. Stima ikipotea pampu inasimama, lakini maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa mdomo wa kushukia. Sentimita 3 za maji ya tangi lile ni lita 22 na nusu, ukiongeza yaliyo mabombani. Bomba la kurudishia nalo linaweza kugeuka na kunyonya maji kurudi chini, kwa hiyo linatobolewa kitundu kidogo chini tu ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na mvuto ukatike. Sampu nikiiendesha kwa kina cha sentimita 22 itakuwa na lita 79, na nafasi ya lita 65 itabaki tupu. Hiyo nafasi tupu ni sehemu ya mtambo sawa na pampu. Huku kwetu, ambako stima inapotea ngurumo ikipiga tu, anayeijaza sampu mpaka juu anajitafutia mafuriko.

Jumamosi, 24 Juni. Nkubu

Nimekuja kwa mjomba kutafuta mawe. Barabara ya kupitia Runyenjes na Chuka ilikuwa na ukungu mpaka baada ya Chogoria.

Bwawa lake bado lipo chini ya migomba, lakini halina maji ya kumlea samaki. Amepanda nduma humo, na nduma zimestawi kweli. Bwawa lilichimbwa wakati wa ule mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, mwaka wa fedha wa 2009/10: mabwawa 200 katika kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Kanyakine, si mbali na hapa, kulijengwa hata kiwanda kidogo cha kusindika samaki. Mjomba alivuna tilapia kwa misimu michache. Vifaranga walipokwisha na bei ya chakula ikapanda, akaacha.

"Mwalimu," ameniambia, "sisi tulifundishwa kuchimba. Maji hatukufundishwa."

Nimeyaweka maneno hayo hapa kwa sababu yananihusu. Kwetu Meru samaki hakuwa chakula cha wazee. Mtu akipewa bwawa na mifuko ya vifaranga, analinda samaki dhidi ya korongo na wezi, lakini hamwoni adui aliyeyeyuka ndani ya maji. Amonia haina rangi. Samaki anaitoa kwa mashavu yake kila anapopumua, na mabaki ya chakula yanaiongeza, na siku bwawa linapolemewa samaki wanakuja juu kutwetea alfajiri, na kufikia saa tatu wanaelea.

Mawe tumeyapata. Kuna dereva wa lori anayebeba kokoto nyekundu za volkano kutoka upande wa Nyambene, ambako vilima vya majivu na moto wa zamani vimejaa. Nilitaka makubwa kama ngumi, yenye vitundu. Nimechukua moja nikalivunja kwa nyundo, na ndani ni matundu matupu, mengine hayaonekani ila ukiliweka juani. Bakteria hawaogelei majini, wanajibandika. Kila kitundu ni ukuta, na kila ukuta ni makao. Watu wa miji mikubwa hununua vigae vya kauri kutoka Ujerumani kwa kazi hii. Sisi mlima wetu ulishaipika bidhaa hiyo.

Tumeyaosha kwenye mfereji mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Nimeyadondoshea siki, hayakutoa povu, maana yake hayana chokaa. Nimeyapitishia sumaku pia, nikayaacha yale yaliyong'ang'ania, kwa kuwa sitaki chuma kingi.

Jumapili, 25 Juni. Safarini

Kuna hoteli moja mjini Meru yenye tangi la samaki pale mapokezi, la miaka mingi, na maji yake yamekaa sawa kabisa. Nimemwomba msimamizi sponji moja chafu ya kichujio. Alidhani sikusema vizuri, akaniletea mpya. Nikamweleza kwamba ile nyeusi yenye utelezi ndiyo mali, kwa sababu ndani yake wamo bakteria ambao ningewasubiri wiki nyingi waje wenyewe. Alicheka, akanipa mbili.

Nimezisafirisha ndani ya ndoo yenye maji kidogo ya tangi lile lile, kifuniko wazi ili zipate hewa. Kondakta wa matatu alitaka ndoo iende kwenye buti. Nikailipia kiti.

Jumamosi, 8 Julai. Embu

Maji yanazunguka. Nimekaa chini sakafuni saa nzima kuyatazama.

Mwanzoni kulikuwa na mgugumio, maji na hewa vikigombania bomba moja, sauti ya mtu anayesukutua kooni usiku kucha. Nimefunga koki ya bomba kuu robo kwa robo mpaka likajaa maji matupu, hewa ikakosa pa kupita, na sebule ikatulia. Matone yanayozidi yanapita kwenye bomba la akiba, nalo halina sauti.

Nimepima mwendo wa maji bila kuamini maandishi ya boksi. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa, lakini hiyo ni bila kupandisha. Kwa kupandisha mita moja na nusu hivi, ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 1,800 kwa saa, yaani tangi zima linapita kwenye mawe karibu mara tano kila saa. Inatosha. Pampu inakula wati 40, hivyo kwa mwezi ni yuniti 29 hivi za stima. Mke wangu ameandika hiyo namba kwenye daftari lake mwenyewe.

Jumamosi, 22 Julai

Baridi. Mvua ya rasharasha tangu Jumatano, jua halijaonekana. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 19 kabla sijawasha hita ya pili.

Bado hakuna samaki. Ninawalisha bakteria kwa chumvi ya amonia kidogo, na jioni napima kwa matone ya rangi. Amonia imeanza kushuka, lakini nitriti imekwama juu, kichupa kina rangi ya zambarau iliyokolea. Ndivyo inavyokwenda: kundi la kwanza, Nitrosomonas na ndugu zake, linageuza amonia kuwa nitriti, na nitriti nayo ni sumu, inaizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Vitabu vya shuleni vinamtaja Nitrobacter kwa kazi hiyo ya pili. Timothy Hovanec na wenzake walionyesha mwaka wa 1998 kwamba kwenye akwariamu za maji yasiyo ya chumvi mfanyakazi ni Nitrospira. Nimewaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne, nikawaambia pia kwenye mtihani waandike la kitabuni.

Hawa wote wanakua pole kwenye baridi. Aliyeandika kwamba mtambo unaiva kwa wiki nne aliishi mahali pa nyuzi 27.

Jambo jingine ni kimo. Mombasa, maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yanabeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita. Hapa Embu tuko mita 1,350 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji hayo hayo yanabeba karibu 7. Nkubu ni pungufu zaidi. Samaki wanaihitaji, na bakteria wanaihitaji mno: kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia ikigeuzwa hadi nitrati inakula zaidi ya miligramu nne za oksijeni. Kwa hiyo maji ya kwangu yanashuka kwenye mawe kwa kumwagika hewani kutoka sinia lenye matundu, na mawe ya juu yanapata maji na hewa pamoja. Ningekuwa pwani labda nisingejisumbua. Hapa mlimani sinia hilo lina kazi.

Jumamosi, 29 Julai

Nitriti imeshuka, halafu kila kitu kikasimama. Amonia ya jana bado ipo leo. Nimepima asidi: pH 6.2.

Mlima Kenya unatupa maji laini sana. Yanatoka kwenye theluji, mvua na msitu, yanapita juu ya miamba ya volkano, na hayaokoti chokaa njiani. Kwa chai na sabuni ni raha tupu. Lakini bakteria wanaogeuza amonia wanatoa asidi, na kila miligramu ya nitrojeni wanayoishughulikia inakula ualkali wa miligramu 7 hivi, ukipimwa kama chokaa. Maji ya mto wetu, Rupingazi, hayana akiba ya kutosha ya kulipa deni hilo. Akiba ikiisha, pH inaanguka, na bakteria wanaacha kazi.

Dawa nimeipata kwenye agroveti, mfuko wa chokaa ya kuku, maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa, yale ambayo kuku wa mayai hupewa ili ganda la yai liwe gumu. Nimechukua punje chache kiganjani nikazidondoshea siki. Zilichemka, povu jeupe likapanda, likanichachatika kwenye mkwaruzo wa kidole. Nimejaza soksi ya nailoni, nimeitupa kwenye chumba cha sponji.

Inapendeza jinsi hiyo inavyojiendesha. Maji yakiwa na asidi, chokaa inayeyuka haraka. Yakitulia, inayeyuka pole.

Jumamosi, 19 Agosti

Samaki wamefika kutoka kwa mfugaji mmoja wa Nairobi, vijana kumi na wawili wa manjano, Labidochromis caeruleus, asili yao miamba ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Binti yangu amewangoja tangu Juni. Nimeiacha mifuko ielee, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha nikazima taa.

pH sasa ni 7.9, wanavyotaka. Lakini siisahau hesabu ya upande wa pili: maji yakiwa na ualkali, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa katika ile hali inayochoma mashavu ya samaki. Kwenye maji ya asidi uzembe unasamehewa kidogo, na kwenye maji haya hausamehewi. Ndiyo maana nilingoja miezi miwili na tangi tupu huku wageni wakiuliza nafuga nini.

Jumamosi, 26 Agosti

Jana usiku, saa nne kasorobo hivi, giza. Nilidhani ni mtaa wetu. Baadaye simu zikaanza: Meru giza, Nairobi giza, hata uwanja wa ndege. Nchi nzima.

Nilishuka na tochi mpaka kabatini. Maji ya juu yalishuka kwa dakika chache, kitundu cha hewa kikafyonza kwa sauti, mvuto ukakatika. Sampu ilipanda mpaka sentimita nane hivi chini ya ukingo, ikakoma hapo. Sakafu kavu. Nilifurahi kiasi cha kumwamsha mke wangu aje aone.

Kisha nikaunganisha inveta na betri ya sola ya taa zetu. Kwa pampu ya wati 40 inavuka usiku mzima tukizima televisheni. Hata bila hiyo, sampu ina faida hii moja: iko wazi. Kichujio kilichofungwa kwenye mtungi kikisimama, bakteria waliomo wanamaliza oksijeni ndani ya saa chache, wanaanza kufa, na stima ikirudi mtungi unautema uozo wote kwenye tangi. Mawe yangu yalibaki na unyevu na hewa. Leo mchana nimepima mara mbili, amonia sifuri.

Jumapili, 17 Septemba

Hawa wa manjano ni wazuri, lakini sikujenga mtambo huu kwa ajili yao. Niandike leo kwa ajili ya nani.

Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za fulu, furu kwa Watanzania, samaki wadogo ambao wavuvi waliwahesabu kama takataka za wavuni. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akalipuka. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi za fulu zilitoweka au zikabaki chache mno. Habari ya sangara kila mtu anaijua. Habari ya maji machafu haisimuliwi sana, na mimi ndiyo inayoninyima usingizi.

Fulu mmoja anaitwa Pundamilia nyererei. Jina nyererei alipewa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere alipoelezwa kisayansi mwaka wa 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Jirani yake wa karibu, anayeishi kwenye miamba ile ile, dume lake ni la kijivu linaloelekea buluu. Majike wao wanafanana karibu kabisa. Kinachowatenga ni jicho la jike, maana jike anamchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walitafiti hili kwenye Ghuba ya Mwanza. Walipowaweka chini ya mwanga wa rangi moja, rangi zisipotofautika, majike hawakuchagua tena. Mwaka wa 1997 walichapisha kwamba ziwani kwenyewe, mahali maji yalipochafuka kwa rutuba ya mashambani na maji taka, spishi zilikuwa chache na rangi zimefifia, kwa sababu samaki hawaonani, wanachanganyika, na zile mbili zinakuwa moja.

Tunaposema samaki wamekwisha tunafikiria wavu na meno ya sangara, lakini spishi inaweza kwisha bila samaki hata mmoja kufa. Maji yanaingia ukungu, basi.

Baadhi ya fulu wanaishi leo kwenye akwariamu za Ulaya na Marekani, kwa wanasayansi na kwa watu wa kawaida wenye tangi sebuleni. Nawashukuru kwa dhati. Lakini kwa nini wasilindwe pia Embu na Meru, na Kisumu yenyewe? Tunalo Ziwa Kanyaboli kule Siaya, lililotengwa na mafunjo ya Yala, ambako sangara hakuingia, na humo fulu wapo pamoja na ngege aliyeadimika Victoria. Nina mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuoni anayefundisha Siaya. Nitamwandikia. Sitaki samaki wa kuchotwa kimya kimya kwenye ndoo, nataka tuanze kwa kumwona afisa wa uvuvi na kuuliza vibali.

Na sitachukua hata mmoja mpaka mtambo uvuke msimu wa mvua.

Jumamosi, 4 Novemba

Mvua za El Niño zimeingia kwa nguvu. Rupingazi ni chai ya maziwa. Maji ya bomba yamekuja na rangi siku mbili, kisha yakaja meupe yenye harufu kali ya klorini. Hapo ndipo hatari ilipo, maana klorini inayotuokoa na kipindupindu inaua bakteria wa mawe ndani ya dakika.

Maji ya kuongeza hayaendi tena moja kwa moja. Yanakaa kwenye pipa nyuma ya nyumba na pampu ndogo ya hewa usiku kucha, na natia chembe za thiosulfati ya sodiamu, ile ile ya maabara ya kemia, niliyoinunua kwa pesa yangu. Ninamimina kwenye sampu, chumba cha mwisho, polepole. Juu samaki hawajui kama maji yamebadilishwa.

Jike mmoja hali chakula. Kidevu kimevimba, kinywa kimefungwa, na akigeuka mwangani naona mayai ndani. Atakaa nayo mdomoni wiki tatu au zaidi.

Jumatatu, 13 Novemba

Sikukuu ya kupanda miti. Tumepanda mikuyu na miembe-mwitu kando ya mto na wanafunzi waliobaki, tope mpaka magotini. Ukikata mti huko juu, tope linashuka mpaka kwenye soksi ya sampu yangu. Niliibadilisha mara tatu wiki iliyopita, na kila mara ilikuwa nyekundu.

Juzi usiku stima ilipotea tena nchi nzima. Sikuamka.

Jumatatu, 11 Desemba

Jana jioni stima ilipotea tena. Inveta imeshika. Jike ametema watoto kati ya mawe ya sampu, maana nilimteremsha huko mapema. Nimehesabu kumi na nane, nikapoteza hesabu.

Barua imekuja kutoka Siaya. Afisa wa uvuvi hakukataa. Anataka kujua maji yatatoka wapi, yatachujwaje, na samaki wakizidi wataenda wapi. Maswali mazuri, na mawili ya kwanza naweza kuyajibu kwa kurasa za daftari hili. La tatu ni gumu. Fulu wa Kanyaboli hawapaswi kuachiliwa kwenye mto wowote wa mlima huu, hata mmoja, hata kwa huruma. Nitaandika hivyo wazi, na nitaeleza kwamba maji ya kubadilisha yatamwagwa shambani, hayatagusa mfereji.

Jumamosi, 23 Desemba. Nkubu

Mjukuu wa mjomba amemaliza kidato cha nne na anataka kulea vifaranga vya tilapia vya kuuza. Ana tangi la plastiki la lita 1,000 na mapipa mawili. Nilikuja na mchoro wangu wa Embu, na pampu kubwa ndani yake.

Mjomba ameutazama mchoro, akatembea nao mpaka kwenye mteremko. "Mwalimu, kwako ni sakafu. Huku ni mlima." Ameonyesha jinsi tangi likikaa juu karibu na jiko, maji yanaweza kushuka yenyewe kwenye pipa la kutuamisha uchafu, kisha kwenye pipa la mawe ya Nyambene, yote kwa uzito wake, na pampu moja ndogo ya sola ipandishe mara moja tu. Mchoro wake unashinda wangu. Nimemwachia kalamu.

Kisha akauliza ule uchafu wa pipa la kwanza unakwenda wapi. Nimemweleza kwamba mwisho wa kazi ya bakteria ni nitrati, na nitrati ni mbolea, kwa hiyo kila wiki tutafungua koki ya chini na kuyamwaga maji yenye tope.

"Kwenye nduma?"

Kwenye nduma. Mjomba amemwita mjukuu, akamwonyesha kwa fimbo pa kupitisha mtaro, na kijana ameanza kuchimba kabla chai haijaisha.